Pumu ya ukubwani: anayeikwepa dawa ya kinga ndiye anayeishia kuitegemea dawa

Tangu mwongozo mpya wa kutibu pumu utolewe Uingereza mwishoni mwa Novemba 2024, pampu ya bluu, ile ya salbutamoli inayofungua kifua haraka, imekuwa gumzo. Mwongozo huo, ulioandikwa kwa pamoja na NICE, taasisi ya kuandika miongozo ya tiba, chama cha madaktari wa kifua wa nchi hiyo na mtandao wa miongozo ya tiba wa Uskoti, unawataka madaktari wasimwandikie mgonjwa wa pumu wa umri wowote salbutamoli peke yake. Lazima iambatane na steroidi ya kuvuta, ile ambayo wengi tunaiita dawa ya kinga. Mei 2025 yakatoka matokeo ya utafiti wa BATURA uliofanyika Marekani kwa watu wapatao 2,500 wenye pumu isiyo kali. Waliovuta salbutamoli iliyochanganywa na budesonidi, mojawapo ya steroidi hizo za kuvuta, kila walipobanwa walipata mashambulizi makali kwa kiwango cha karibu nusu ya wale waliovuta salbutamoli tupu, na utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake kwa kuwa tofauti ilikuwa wazi. Huku kwetu habari hizi zimefika zikiwa zimepinda. Kuna wanaosambaza kwamba pampu ya bluu imepigwa marufuku kwa sababu inaua. Kuna wanaosema, na hawa ni wengi zaidi, kwamba sasa kila mwenye pumu atafungwa na steroidi mpaka anaingia kaburini, kwa hiyo heri mtu avumilie na bluu yake.

Tafsiri ya kwanza itajirekebisha yenyewe, maana salbutamoli bado ipo katika kila chumba cha dharura na itaendelea kuwapo. Ya pili ndiyo inayoumiza watu. Inamfanya mtu mzima aliyeanza kubanwa kifua mwaka huu aikimbie dawa ambayo leo angeihitaji kwa kiasi kidogo, kisha baada ya miaka kadhaa ajikute na mfuko mzima wa dawa. Msimamo wangu ni huu: kwa mtu mzima mwenye pumu, kuwahi kuanza dawa ya kinga kwa dozi ndogo ndiyo njia ya uhakika zaidi tuliyo nayo ya kupunguza mzigo wa dawa atakaoubeba maishani. Sisemi ataacha dawa zote, na nitaeleza kwa nini sisemi hivyo. Nasema atatumia kidogo, ataepuka zile zenye madhara makubwa, na hatalala na pampu chini ya mto akihofia saa tisa ya usiku.

Ili tuelewane, tuangalie kinachotokea ndani ya kifua. Kwa mwenye pumu, ngozi laini ya ndani ya njia za hewa imevimba na inakereka haraka. Vumbi, moshi, baridi ya alfajiri au mafua yakiigusa, misuli inayozunguka njia hizo inakaza, makohozi mazito yanajaa, na kifua kinaanza kulia mluzi. Salbutamoli inalegeza misuli hiyo ndani ya dakika chache, na nguvu yake inadumu saa nne hadi sita. Uvimbe wenyewe haiugusi. Steroidi ya kuvuta, iwe beklometasoni au budesonidi, inapoza uvimbe polepole, kwa siku na wiki, wala mgonjwa hasikii nafuu yoyote dakika ile anapoivuta. Hapo ndipo tatizo letu lote linapozaliwa. Dawa unayoisikia ikifanya kazi ndiyo unayoiamini, na ile usiyoisikia unaiona kama hela iliyopotea. Mtu anapewa pampu mbili hospitalini. Ya bluu inaisha ndani ya mwezi, ya kahawia, yaani ya kinga, inakutwa kabatini baada ya mwaka ikiwa bado imejaa.

Uvimbe ukiachwa miaka na miaka, kuta za njia za hewa zinanenepa, misuli nayo inaongezeka, na sehemu ya upana uliopotea huenda isirudi hata kwa dawa kali. Wakati huohuo salbutamoli ikitumiwa kila siku peke yake ina tabia nyingine ambayo wataalamu wanaijua vizuri. Wiki moja au mbili za kuivuta mfululizo zinatosha kufanya vipokezi vya misuli viizoee, kinga yake ipungue, na njia za hewa ziwe nyepesi kukereka kuliko mwanzo. Mgonjwa anaanza kuvuta mara mbili pale alipokuwa akivuta mara moja. Ukitafuta dawa ya pumu inayokaribia kile watu wanachokiogopa wanaposema "uteja", ni hiyo ya bluu inayotumiwa bila kinga. Uingereza walipochunguza vifo 195 vya pumu, ripoti ikatoka mwaka 2014, walikuta wagonjwa 165 ambao idadi ya pampu zao za nafuu kwa mwaka ilijulikana. Kati yao 65 walikuwa wameandikiwa zaidi ya pampu 12 katika mwaka wa mwisho wa uhai wao. Hiyo ni zaidi ya pampu moja kila mwezi, na kila moja ilikuwa ishara ambayo hakuna aliyeisoma.

Ushahidi kwamba kuwahi kuna faida si wa jana, na sehemu kubwa ya mwanzo wake ilitoka Finland. Mwaka 1991 Tari Haahtela na wenzake walichapisha utafiti wa watu 103, vijana na watu wazima, ambao dalili zao zilikuwa zimeanza ndani ya mwaka mmoja tu. Nusu walivuta budesonidi, nusu walivuta terbutalini, ambayo ni ndugu wa salbutamoli, kwa miaka miwili. Wa budesonidi walifanya vizuri zaidi, jambo ambalo leo halimshangazi mtu. La kuvutia ni mwaka wa tatu, uliochapishwa 1994. Waliokuwa kwenye budesonidi tangu mwanzo waligawanywa: baadhi wakapunguziwa dozi hadi theluthi moja, wengine wakapewa dawa tupu isiyo na kitu ndani. Kati ya waliopunguziwa, asilimia 74 walibaki salama. Kati ya walioachishwa kabisa, asilimia 33 tu. Na wale waliokuwa wamecheleweshwa miaka miwili kwenye terbutalini, walipohamishiwa budesonidi kwa dozi kamili walipata nafuu, ila hawakufika pale walipofika wenzao waliowahi.

Soma matokeo hayo kwa utulivu, kwa sababu yamebeba kila kitu ninachotaka kusema. Waliowahi waliweza kuishi na theluthi ya dozi. Waliochelewa walihitaji dozi nzima na bado wakabaki nyuma. Na kuacha kabisa kuliwashinda wengi. Ni utafiti mdogo, kundi la mwaka wa tatu lilikuwa la watu wachache, na mtu asingejenga sera ya nchi juu yake peke yake. Lakini mwaka 2003 ulikuja utafiti wa START uliowahusisha watu 7,241 katika nchi 32, wote wenye pumu isiyozidi miaka miwili tangu ianze, watoto na watu wazima. Budesonidi ya dozi ndogo mara moja kwa siku ilipunguza hatari ya tukio kubwa la kwanza la pumu kwa asilimia 44. Baada ya miaka mitatu kila mtu alipewa budesonidi, na waliokuwa wameianza mapema waliendelea kuhitaji dawa nyingine za pumu kwa kiasi kidogo kuliko waliochelewa.

Finland haikuyaacha hayo majaridani. Kuanzia 1994 hadi 2004 iliendesha mpango wa taifa wa pumu ambao kiini chake kilikuwa kugundua mapema na kuupiga uvimbe tangu mwanzo. Kazi hiyo walipewa madaktari wa vituo vya afya, wauguzi na wafamasia wa mitaani, si mabingwa wa hospitali kubwa peke yao. Siku za kulazwa kwa ajili ya pumu zilishuka kutoka 110,000 mwaka 1993 hadi 51,000 mwaka 2003, ingawa waliogunduliwa kuwa na pumu waliongezeka. Gharama kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka ilipungua kwa asilimia 36. Matumizi ya steroidi za kuvuta yalipanda, na hapo ndipo wasomaji wengi wanapokwama: inawezekanaje dawa ziongezeke halafu mzigo upungue? Inawezekana kwa sababu dawa iliyoongezeka ni ile ndogo ya kinga, na kilichopungua ni vitanda, siku za kukosa kazi na dozi kubwa za dharura.

Sasa hoja nzito ya upande wa pili, na inatoka Finland hiyohiyo. Huko Seinäjoki watafiti waliwafuatilia kwa miaka 12 watu 203 waliopata pumu wakiwa watu wazima, na wengi wao walikuwa wametibiwa ndani ya mpango ule uliosifiwa dunia nzima. Mwisho wake, waliokuwa hawana pumu tena walikuwa asilimia 3 tu. Kwa watoto nako, utafiti wa CAMP wa Marekani wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba budesonidi iliwasaidia sana kwa miaka yote waliyoitumia, ila walipoiacha faida ikapotea. Hata START yenyewe, ukipima nguvu ya mapafu mwishoni mwa mwaka wa tano, waliowahi na waliochelewa walikuwa hawatofautiani tena. Anayesema kwamba steroidi ya kuvuta inadhibiti pumu bila kuing'oa yuko sahihi, na pumu inayoanza ukubwani ni sugu kuliko ya utotoni, ambayo baadhi ya watoto huiacha wanapokua.

Naikubali hoja hiyo yote. Kwa hiyo yeyote anayemwahidi mtu mzima kwamba akitumia pampu ya kinga mwaka mmoja atapona na kuitupa, anamdanganya, na uongo huo una gharama: siku dalili zinaporudi, mgonjwa anaamini dawa imeshindwa na anakimbilia kwa muuza mizizi. Lakini hoja hiyo haigusi swali letu. Swali halikuwa kama pumu itaondoka. Swali ni mtu atatumia dawa kiasi gani, za aina gani, na kwa hatari ipi. Hapo ushahidi wote unaelekea upande mmoja. Hata miongozo ya GINA, mpango wa kimataifa wa kupambana na pumu, inasema pumu ikitulia kwa miezi miwili hadi mitatu dozi ianze kushushwa, robo au nusu kila baada ya miezi mitatu, mpaka ifike ile ndogo kabisa inayotosha, bila kuiondoa steroidi moja kwa moja kwa mtu mzima. Kushusha dozi kunawezekana kwa yule ambaye uvimbe wake umedhibitiwa. Ambaye hakuianza hana cha kushusha.

Na dozi hiyo ndogo imezidi kuwa ndogo. Tangu 2019 GINA haipendekezi tena mtu mzima yeyote atibiwe kwa salbutamoli peke yake, hata mwenye pumu inayomtembelea mara mbili kwa mwezi. Badala yake inapendekeza pampu moja yenye budesonidi na formoteroli, ivutwe pale tu mtu anapobanwa. Formoteroli inafungua kifua haraka kama salbutamoli, na kila pumzi inaingia na kiasi kidogo cha steroidi, kwa hiyo mgonjwa anapata kinga hasa siku anazoihitaji. Katika utafiti wa SYGMA 2 wa mwaka 2018, waliotumia pampu hiyo kwa mahitaji walipata mashambulizi makali sawasawa na waliovuta budesonidi kila siku, huku wakitumia takribani robo ya steroidi. Hayo ndiyo mageuzi yaliyomo nyuma ya mwongozo wa Uingereza. Yeye aliyesikia kwamba "wanataka tuvute steroidi maisha yetu yote" ameambiwa habari ya dawa iliyopunguzwa kana kwamba imeongezwa.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosikika zaidi mitaani, ni ile ya "ukiianza pampu hutaiacha". Inasemwa na mama kwa binti yake anayetafuta mchumba, na muuza duka la dawa kwa mteja, hata na wauguzi. Imejengwa juu ya jambo la kweli lililosomwa kinyumenyume. Ni kweli wanaotumia pampu wengi hawaachi, kwa sababu pumu yao haiachi. Steroidi ya kuvuta haileti hamu, hailazimishi kuongezwa, na ukiisahau siku mbili hutetemeki. Hofu yenyewe imetoka kwa ndugu yake wa vidonge, prednisoloni, ambayo ni dawa nyingine kabisa kwa ukubwa wa dozi. Hebu tupige hesabu. Mtu mzima aliyebanwa vibaya hupewa miligramu 40 za prednisoloni kwa siku, siku tano mpaka saba. Siku tano ni miligramu 200. Budesonidi ya kuvuta kwa dozi ndogo ni mikrogramu 200 kwa siku, na mikrogramu elfu moja ndiyo miligramu moja. Ukiivuta kila siku kwa mwaka mzima unafika miligramu 73. Gramu kwa gramu budesonidi ina nguvu zaidi, kwa hiyo uzito pekee haumalizi hesabu. Lakini yenyewe inatua kwenye njia za hewa, na sehemu kubwa ya ile inayomezwa huharibiwa na ini kabla haijazunguka mwilini. Prednisoloni inakwenda kila mahali: kwenye mifupa, kwenye sukari, kwenye macho, kwenye presha.

Na hapa ndipo anayeogopa steroidi anapozipata kwa wingi bila kujua. Kozi nne au tano tu za vidonge hivyo katika maisha zimehusishwa na hatari kubwa zaidi ya kisukari, mifupa kudhoofika na mtoto wa jicho. Mtu asiye na kinga anayebanwa kila msimu wa baridi na kila msimu wa vumbi anazifikisha kozi hizo ndani ya miaka miwili. Juu yake ongeza sindano za aminofilini, vidonge vya salbutamoli vinavyofanya moyo uende mbio na mikono itetemeke, na antibayotiki alizopewa kila mara kifua kilipodhaniwa kuwa nimonia. Nimewahi kuliona daftari la kliniki la jirani yangu, fundi seremala: ukurasa baada ya ukurasa, prednisoloni, amoksilini, salbutamoli, prednisoloni tena. Hakukuwa na mstari hata mmoja wa dawa ya kinga. Yeye mwenyewe aliniambia kwa fahari kwamba hajawahi kukubali "kuzoeshwa pampu".

Jambo jingine analopaswa kulijua mwenye pumu "ndogo" ni kwamba udogo huo haumlindi. Miongozo ya GINA inaeleza kwamba kati ya watu wazima wanaokufa kwa pumu, angalau asilimia 15 walikuwa na pumu iliyohesabiwa kuwa isiyo kali. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo 455,000 vya pumu mwaka 2019, na vingi vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini. Pumu ya huku si kali zaidi kwa asili. Tofauti iko kwenye dawa: huku watu wanatibiwa shambulio, shambulio likipita wanaachwa.

Hoja ya gharama inastahili heshima zaidi. Pampu ya bluu ni rahisi na inapatikana karibu kila famasi bila cheti cha daktari. Pampu ya budesonidi na formoteroli ni ghali mara kadhaa, na nje ya miji mikubwa unaweza kuzunguka maduka yote usiipate. Kumwambia mama lishe anunue dawa ya bei hiyo kwa ugonjwa unaomsumbua mara mbili kwa mwezi ni kumwambia achague kati ya kifua na ada ya shule. Atachagua ada, na hatakuwa amekosea. Lakini gharama ya kuilinganisha nayo si bei ya pampu ya bluu. Ni bei ya bluu zote za mwaka, nauli za usiku, siku za kitandani bila biashara, na kozi za vidonge. Zaidi ya hapo, zipo njia ambazo hazisubiri pampu ya kisasa. GINA yenyewe inakubali kwamba pale mchanganyiko usipopatikana, mtu avute beklometasoni kila mara anapovuta salbutamoli: pampu mbili, bluu kisha kahawia, papo hapo. Beklometasoni ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Steroidi ya kuvuta iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa miaka mingi, na mchanganyiko wa budesonidi na formoteroli umo humo pia.

Hata kifaa cha kuvutia dawa kinatengenezeka nyumbani. Wengi wanabonyeza pampu na dawa inaishia kwenye ulimi na koo, halafu wanasema haifanyi kazi. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha, kwa watoto waliobanwa, kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita ilifanya kazi sawa na vile vifaa vya dukani vinavyoshikizwa kwenye pampu. Unatoboa kitako cha chupa kwa umbo la mdomo wa pampu, unaiingiza hapo pampu ikae imebana bila kuvujisha, unaziba mdomo wa chupa kwa midomo yako, unabonyeza mara moja na kuvuta polepole. Ukimaliza dawa ya kinga unasukutua mdomo kwa maji na kuyatema, ili usipate utando mweupe mdomoni. Mambo haya yanachukua dakika tano kufundisha. Katika daftari la jirani yangu hapakuwa na dalili kwamba kuna aliyewahi kumfundisha.

Kuna onyo moja ambalo wanaosisitiza kuwahi, nami nikiwemo, hatulisemi vya kutosha. Kuwahi kutibu hakumaanishi kumbandika mtu jina la pumu kwa kusikiliza kifua mara moja. Nchini Kanada mwaka 2017 Shawn Aaron na wenzake waliwapima upya watu wazima 613 walioambiwa na madaktari kwamba wana pumu, wakiwapunguzia dawa hatua kwa hatua. Theluthi moja hawakuonekana kuwa na pumu. Hawa ndio waliokuwa wakitumia dawa bila haja, na kilichowaondoa kwenye dawa ni kipimo. Huku kwetu tuna mkanganyiko zaidi, kwa kuwa kifua kikuu, makovu yake, moshi wa kuni wa miaka thelathini na moyo uliochoka vyote vinaweza kumfanya mtu akohoe na kubanwa. Spirometa, mashine ya kupima nguvu ya mapafu, ni adimu nje ya hospitali za rufaa, lakini kile kipimo kidogo cha kupuliza, bomba la plastiki lenye mshale, ni cha bei ndogo na kinaweza kukaa katika kila zahanati. Mgonjwa apulize asubuhi na jioni kwa wiki mbili, namba ziandikwe. Zikipanda na kushuka sana, dalili ya pumu imepatikana kwa karatasi na kalamu.

Kwa mtu mzima lazima pia aulizwe anafanya kazi gani. Pumu inayoanza ukubwani mara nyingine ina chanzo kazini: unga wa kiwanda cha mikate, vumbi la mbao, rangi za kupulizia magari, pamba, mkonge. Anayeondolewa kwenye chanzo mapema, miezi michache baada ya dalili kuanza, ana nafasi nzuri zaidi ya kupata nafuu kubwa kuliko anayeendelea kuvuta vumbi lile miaka kumi huku akiongezewa dozi. Jirani yangu huranda mninga akiwa amejifunga kitambaa puani, katika banda lisilo na dirisha. Dirisha mbili na feni ya kutoa vumbi nje zingepunguza dawa zake kuliko daktari yeyote, na hapo mwenye karakana ana wajibu ambao hawezi kumtupia mfamasia.

Haya yote yanakuja wakati ambapo nchi zetu zinaandika upya nani atalipia nini. Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, Kenya ilianza mfumo mpya wa bima ya afya wa SHA Oktoba 2024 badala ya mfuko wa zamani wa NHIF. Vitita vya huduma zitakazolipiwa vikipangwa, kuna kishawishi cha kulipia kinachoonekana, yaani oksijeni, mashine ya mvuke, kitanda cha siku tatu, na kuziacha pampu za kinga zikae kwenye orodha ya hospitali kubwa ambako mgonjwa mpya hafiki mpaka amekwisha kuwa mgonjwa wa zamani. Mgonjwa wa mapema yuko zahanati na kwenye duka la dawa muhimu. Dawa isipokuwa hapo, neno "mapema" halina maana. Bohari ya Dawa ikinunua beklometasoni kwa wingi na kuisambaza mpaka ngazi ya chini, na muuguzi wa zahanati akaruhusiwa kuianzisha kwa mwongozo ulioandikwa, tutakuwa tumefanya sehemu kubwa ya kile Finland walichofanya, bila hata dawa moja mpya.

Na muuza dawa anaweza kuanza kesho bila kusubiri Bunge. GINA inahesabu pampu tatu za nafuu kwa mwaka kuwa alama ya hatari inayoongezeka. Kwa hiyo mteja anapokuja na kuomba "ile ya bluu", aulizwe hii ni ya ngapi tangu Januari. Akisema ya tatu, auziwe, maana kumnyima mtu aliyebanwa ni hatari, kisha apewe karatasi ya kwenda kituo cha afya yenye swali moja kwa daktari: huyu ana dawa ya kinga?